Kusanifu Mfumo wa Programu kwa Kuzingatia Uendelevu: Mwongozo Kamili kwa Wapangaji na Wasanifu

Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, vituo vya data duniani vilitumia takriban terawati-saa 415 za umeme mwaka 2024, kiasi kinachokaribia asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika mwaka huo, na shirika hilo linakadiria kwamba matumizi hayo yatafikia takriban terawati-saa 945 ifikapo mwaka 2030. Hesabu hiyo haijumuishi simu na kompyuta za watumiaji, wala mitambo ya mawasiliano inayoziunganisha na vituo hivyo. Kila seva inayowaka usiku kucha inawaka kwa sababu kuna mtu aliyeamua iwe hivyo katika kikao cha kupanga au, kama inavyotokea mara nyingi zaidi, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mwongozo huu unawahusu wanaokaa katika vikao hivyo: mchambuzi wa mahitaji, msanifu wa mfumo, kiongozi wa timu na mteja anayegharimia kazi. Msimamo wake ni kwamba sehemu kubwa ya athari za mfumo huamuliwa kabla msimbo (maagizo ya programu) haujaanza kuandikwa, na kwamba marekebisho ya baadaye, ingawa yana faida, hayawezi kufuta uamuzi mbaya wa usanifu. Mfano ulio wazi ni wa Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali. Mtandao huo ulikuwa ukithibitisha miamala kwa kuzishindanisha kompyuta katika kukokotoa hesabu nzito. Tarehe 15 Septemba 2022 uliuacha utaratibu huo na kuanza kutegemea dhamana ya fedha inayowekwa na washiriki, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kuandika upya ile programu ya awali kwa ustadi wowote kusingeleta punguzo hilo, kwa kuwa hata kama mashine zingefanywa bora, washindani wangeongeza mashine. Upotevu ulikuwa katika kanuni yenyewe ya kazi.

Hatua ya kwanza: Kukubaliana juu ya mipaka ya jambo lenyewe

Timu nyingi huanza kwa kupima umeme na kuishia hapo. Umeme ni muhimu, lakini ni sehemu moja tu. Mwaka 2014 kundi la watafiti liliandaa ilani inayofahamika kwa jina la mji wa Karlskrona, nchini Sweden, ambayo inaugawa uendelevu wa mfumo katika nyanja tano: mazingira, jamii, uchumi, mtu binafsi na ufundi. Nyanja ya ufundi inahusu uwezo wa mfumo wenyewe kudumu, kutengenezwa na kubadilishwa kadiri mahitaji yanavyobadilika. Nyanja ya mtu binafsi inahusu afya, faragha na uhuru wa anayeutumia na pia wa anayeuhudumia, kwa maana mfumo unaomwamsha fundi wake usiku wa manane kila wiki hauna uendelevu hata kama unaendeshwa kwa umeme wa jua.

Kila nyanja itazamwe katika ngazi tatu za athari. Tuchukue mfumo wa kupanga miadi ya hospitali. Athari ya moja kwa moja ni umeme unaotumiwa na seva na simu za wagonjwa. Athari inayotokana na matumizi ni kwamba wagonjwa hupunguza safari za bure na hospitali huweza kugawa muda wa madaktari vizuri zaidi. Athari ya tatu huchelewa kuonekana: baada ya miaka kadhaa hospitali inazoea mfumo, inafunga dirisha la mapokezi ya ana kwa ana, na mgonjwa asiye na simu janja anajikuta hana pa kupitia. Ngazi hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi katika kikao cha kwanza.

Ndani ya ngazi hiyo kuna mtego wa kale. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aligundua kwamba injini za mvuke zilipoanza kutumia makaa machache zaidi kwa kazi ileile, matumizi ya jumla ya makaa yaliongezeka, kwa sababu nguvu ya mvuke ilikuwa ya bei nafuu zaidi na ikatumika mahali pengi zaidi. Huduma ya kidijitali inayofanywa kuwa nyepesi hupata watumiaji wengi na huongezewa vipengele. Kwa hiyo mpango uwe na malengo mawili yanayokwenda pamoja: kiasi kwa kila huduma moja, na kiasi cha jumla kwa mwaka.

Hatua ya pili: Kuwaita wahusika wasioalikwa

Orodha ya kawaida ya wadau huwa na mteja, watumiaji, wakuu wa idara na wasanidi. Iongezwe na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mtu atakayeuhudumia mfumo baada ya timu ya awali kuondoka. Anajua ni maamuzi gani ya haraka yanayogeuka kuwa deni. Wa pili ni mtumiaji aliye pembezoni, yaani mwenye simu ya zamani, mtandao hafifu, uoni hafifu au asiyesoma vizuri lugha ya mfumo. Wa tatu ni mtu asiyetumia mfumo kabisa ila anaguswa nao, kama yule mgonjwa wa dirishani. Kila mmoja aulizwe maswali mawili: nini kitakuwa kibaya zaidi kwako mfumo huu ukifanikiwa sana, na nini kitatokea ukizimwa ghafla? Swali la kwanza huwashangaza watu, na majibu yake huwa na uzito kuliko ya la pili.

Hatua ya tatu: Kuhoji ulazima wa kila kipengele

Kipengele ambacho hakikujengwa hakitumii umeme, hakihitaji kufanyiwa majaribio, hakivuji siri na hakizeeki. Hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu, na ni akiba isiyohitaji utaalamu maalumu.

Kwa kila kipengele kilichopendekezwa, anayekipendekeza aandike nani anakihitaji, mara ngapi kwa wiki, na kazi hiyo inafanyikaje leo bila mfumo. Kisha ipitiwe kasi inayodaiwa. Neno "papo hapo" huandikwa katika hati za mahitaji kwa wepesi mno, na gharama yake ni kubwa. Tuseme programu ya simu inauliza seva kila baada ya sekunde 5 kama kuna taarifa mpya. Simu moja itatuma maombi 17,280 kwa siku, na simu 10,000 zitatuma milioni 172.8, karibu yote yakijibiwa kwamba hakuna jipya. Mtumiaji akiridhika na kila dakika 5, maombi ya simu moja hushuka hadi 288. Na seva ikiwa ndiyo inayotuma arifa pale jambo linapotokea, mengi ya maombi hayo hutoweka kabisa. Tofauti hii yote imebebwa na maneno mawili ndani ya hati.

Upatikanaji wa huduma nao uhojiwe vivyo hivyo. Asilimia 99.9 inaruhusu mfumo kutopatikana kwa takriban saa 8.8 kwa mwaka, asilimia 99.99 inaruhusu takriban dakika 53. Ili kufikia kiwango hicho cha pili mara nyingi hulazimu kuwa na seva za ziada zinazowaka zikisubiri ajali, wakati mwingine katika kituo cha pili cha data. Mfumo wa chumba cha wagonjwa mahututi unastahili gharama hiyo. Mfumo wa kuomba likizo ya wafanyakazi haustahili, hata kama mkurugenzi anapenda kuiona tarakimu hiyo katika mkataba.

Mapendekezo ya kutumia akili bandia yapite katika chujio hilohilo. Kwanza iulizwe kama kanuni chache zilizoandikwa wazi zinatosha. Kisha kama modeli ndogo iliyofunzwa kwa kazi hiyo moja inatosha. Na modeli kubwa ya lugha iwe chaguo la mwisho lenye sababu iliyoandikwa.

Hatua ya nne: Kuyaandika mahitaji kwa namna inayopimika

Sentensi kama "mfumo uwe rafiki wa mazingira" haina kazi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuthibitisha kama imetimizwa. Mahitaji ya uendelevu yaandikwe kama yanavyoandikwa ya usalama au kasi: yawe na tarakimu, na mtu wa kuyakagua. Kwa mfumo wetu wa miadi yanaweza kusomeka hivi:

- Ukurasa wa kuomba miadi usizidi kilobaiti 300 unapofunguliwa kwa mara ya kwanza.
- Programu itoe huduma zote za msingi katika simu iliyotengenezwa miaka minane iliyopita.
- Rekodi za shughuli za mfumo zifutwe baada ya siku 30, isipokuwa zile ambazo sheria inataka zihifadhiwe.
- Utayarishaji wa ripoti za usiku uweze kuahirishwa kwa muda wa hadi saa sita bila kumwathiri mtumiaji.
- Miadi iweze kuombwa pia kwa njia isiyohitaji simu janja.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mradi utafute zake. Jambo la lazima ni kwamba zikishakubaliwa, ziingizwe katika majaribio yanayojiendesha kila msimbo unapobadilishwa, ili ukurasa uliovuka kiwango ukataliwe na mashine kabla haujawa mada ya ubishi kati ya watu.

Hatua ya tano: Kuchagua kipimo na kukokotoa makadirio ya awali

Taasisi ya Green Software Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2021, iliandaa kanuni ya kukadiria ukali wa kaboni wa programu, ambayo mwaka 2024 ilichapishwa kuwa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 21031. Kanuni yenyewe ni nyepesi: zidisha nishati inayotumiwa na programu kwa kiasi cha hewa ukaa kinachotolewa na gridi ya umeme kwa kila kilowati-saa, ongeza sehemu ya hewa ukaa iliyotolewa wakati wa kutengeneza vifaa, kisha gawanya kwa kizio kinachoeleweka, kama miadi moja au mtumiaji mmoja. Kanuni hii hairuhusu kupunguza matokeo kwa kununua fidia za kaboni, yaani kulipia upunguzaji wa hewa ukaa unaofanywa mahali pengine, na hilo ni jema, kwa maana linamlazimisha msanifu kugusa mfumo wenyewe.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za kudhani. Seva moja inavuta wati 200 mfululizo, sawa na kilowati-saa 4.8 kwa siku. Kituo cha data nacho kinahitaji umeme wa kupoozea na wa mitambo mingine. Tukichukulia kwamba kila kilowati-saa ya seva hugharimu kilowati-saa 1.5 kwa jumla, tunapata 7.2. Gridi ikiwa inatoa gramu 400 kwa kilowati-saa, hizo ni gramu 2,880 kwa siku. Kutengeneza seva kumetoa kilo 1,200, na itatumika miaka minne, kwa hiyo sehemu ya kila siku ni takriban gramu 822. Jumla ni gramu 3,702. Ikihudumia miadi 10,000 kwa siku, kila miadi inagharimu takriban gramu 0.37. Ikihudumia miadi 500, kila moja inagharimu gramu 7.4.

Hesabu hii fupi inafundisha mambo mawili. Seva isiyo na kazi ya kutosha ndiyo mbaya kuliko zote, na umri wa vifaa una uzito wake: tukiitumia seva hiyo miaka sita, sehemu ya utengenezaji inashuka hadi takriban gramu 548 kwa siku bila kugusa msimbo hata kidogo. Makadirio haya yafanyike kwa kila pendekezo la usanifu, hata kama tarakimu ni za kukisia, kwa kuwa lengo ni kulinganisha mapendekezo, na makosa yaleyale yakiwa pande zote mbili hayaharibu ulinganisho sana.

Hatua ya sita: Kusanifu

Anza na seva. Mwaka 2007 Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google walionyesha kwamba seva nyingi walizozichunguza zilitumia muda mwingi zikiwa na kazi kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, ilhali seva isiyo na kazi yoyote bado ilivuta karibu nusu ya umeme wa ile inayofanya kazi kwa uwezo wote. Vifaa vimeboreka tangu wakati huo, lakini kanuni ya usanifu ni ileile: kusanya kazi katika mashine chache zilizojaa kiasi, na uzime zilizobaki. Huduma za wingu, yaani seva za kukodi kupitia mtandao, zinazoongeza na kupunguza mashine kulingana na mahitaji hurahisisha jambo hili, mradi mfumo umesanifiwa kuvumilia mashine kuwashwa na kuzimwa. Mazingira ya majaribio yazimwe baada ya saa za kazi kwa ratiba inayojiendesha. Anayeyahitaji usiku ayawashe mwenyewe. Katika miradi mingi, hili huleta faida ya haraka kuliko lolote katika hatua hii.

Data nayo ina tabia ya kuongezeka kimyakimya. Terabaiti moja inayotunzwa katika nakala tatu, kisha ikafanyiwa nakala rudufu kamili kila siku na kutunzwa kwa siku 30, inakuwa terabaiti 33. Nakala rudufu zinazohifadhi mabadiliko tu, pamoja na nakala kamili moja kwa wiki au kwa mwezi, hutoa ulinzi unaokaribiana kwa sehemu ndogo ya nafasi hiyo, ingawa urejeshaji huchukua muda mrefu zaidi na lazima ufanyiwe majaribio. Kila jedwali katika hifadhidata liwe na tarehe ya kufa kwa data yake, iliyoamuliwa siku linapobuniwa. Jedwali lisilo na mwenye kulijibia lisiundwe.

Wakati na mahali pa kazi ni eneo linalopuuzwa. Umeme haulingani: katika makadirio ya kati yaliyochapishwa mwaka 2014 na IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, umeme wa makaa ya mawe hutoa takriban gramu 820 za hewa ukaa kwa kilowati-saa katika uhai wote wa mtambo, wa maji gramu 24 na wa upepo wa nchi kavu gramu 11. Kazi isiyo na haraka, kama kutayarisha ripoti, kubadilisha umbizo la video au kufunza modeli, inaweza kusubiri saa ambazo gridi ina umeme safi zaidi, au kupelekwa eneo lenye gridi safi. Google ilianza kuahirisha kazi za aina hiyo katika vituo vyake mwaka 2020. Ili jambo hili liwezekane, msanifu atenganishe mapema kazi zinazosubiriwa na mtu na zile zinazoweza kukaa katika foleni. Baada ya mfumo kukamilika utengano huo huwa ghali mno. Kabla ya kuhamisha data kwenda nchi nyingine, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi ziangaliwe.

Kuhusu lugha ya programu, mjadala ni mkali kuliko manufaa yake. Watafiti wa Ureno walilinganisha lugha 27 mwaka 2017 na kukuta kwamba katika majaribio yao Python ilitumia nishati zaidi ya mara 70 ya C. Majaribio hayo, hata hivyo, yalikuwa programu ndogo za kukokotoa, ilhali mifumo mingi ya ofisini hutumia muda wake ikisubiri hifadhidata na mtandao. Swali moja la hifadhidata linalolazimika kusoma jedwali zima kila linapoulizwa, kwa sababu ya kukosa faharasa (orodha inayoonyesha data ilipo), linaweza kupoteza zaidi ya uchaguzi wa lugha.

Hatua ya saba: Kurefusha maisha ya vifaa vya watumiaji

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaeleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Programu huchangia kwa kuvifanya vifaa vizima vionekane vimechakaa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali Windows 11 ina masharti ya kichakataji na chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri haziyatimizi. Upande mwingine, mwaka 2022 programu ya kusomea nyaraka ya Okular ilikuwa ya kwanza kupata nembo ya mazingira ya Ujerumani iitwayo Blauer Engel, ambayo miongoni mwa masharti yake ni programu kufanya kazi katika kompyuta yenye umri wa angalau miaka mitano.

Kwa hiyo timu iwe na kifaa cha zamani mezani, na kila toleo lijaribiwe humo kabla ya kutolewa. Maboresho ya usalama yatenganishwe na vipengele vipya ili mwenye simu ya zamani apate ya kwanza bila kulazimishwa ya pili. Hapa pana mgongano wa kweli: mfumo wa uendeshaji usiopata tena marekebisho ya usalama ni hatari kwa mwenyewe, na katika mfumo wa hospitali ni hatari kwa wengine pia. Ninapendekeza kifaa cha aina hiyo kiruhusiwe kufanya yale yasiyofichua taarifa za ugonjwa, kama kuona nafasi zilizo wazi, na yaliyobaki yapitie njia nyingine.

Hatua ya nane: Kuandika maamuzi na kuyarudia

Kila uamuzi mkubwa uwe na ukurasa mmoja unaoeleza chaguo zilizokuwapo, makadirio ya kila moja, nyanja iliyopata faida, nyanja iliyopata hasara na jina la cheo cha aliyeamua. Hasara isifichwe. Kila robo mwaka makadirio yalinganishwe na vipimo halisi vinavyotoka katika mfumo. Tofauti ikiwa kubwa, kwanza ichunguzwe dhana iliyokosewa, ndipo msimbo.

Hatua ya tisa: Kupanga mwisho wa mfumo tangu mwanzo

Hati ya usanifu iwe na sehemu inayoeleza jinsi mfumo utakavyozimwa. Itaje umbizo la wazi ambamo data itatolewa na kupewa mrithi wake, muda ambao watumiaji watapewa taarifa, kumbukumbu zipi zitatunzwa kisheria na wapi, na nani atathibitisha kwamba nakala rudufu, akaunti za wingu, mazingira ya majaribio na vikoa vya mtandao vimefungwa vyote. Seva zinazomilikiwa na taasisi zifutwe data kwa njia inayothibitika kisha zipewe kazi nyingine, ziuzwe zikiwa nzima au zipelekwe kwa mrejelezaji aliyeidhinishwa, kwa utaratibu huohuo wa kutangulizana. Ukaguzi wa mwisho ufanyike mwezi mmoja baada ya kuzima, kwa kuangalia ankara ya huduma za wingu: kiasi chochote kinachoendelea kutozwa kinaonyesha kuna kitu ambacho bado kinawaka.